Kumtuliza Farasi Mgeni Mwenye Matata



Mazungumzo ya leo yawahusu hasa masaisi, na wote wafanyao kazi ya farasi huko Ngong, Naivasha, Laikipia na kwingineko. Lakini hata mwenye punda mmoja wa kuchotea maji atapata neno la kumfaa, kwa kuwa farasi na punda ni ndugu, na hofu zao zafanana.

Tunayo methali isemayo, "Asante ya punda ni mateke." Methali hiyo yafaa sana kuwaonya watu wasio na shukrani, lakini kwa habari ya wanyama yaweza kutupoteza. Mnyama hapigi teke kwa ubaya wa moyo. Teke ni neno lake la mwisho. Kabla ya hapo amekwisha kusema maneno mengine mengi, wala hapakuwa na mtu wa kumsikiliza. Basi leo nataka kueleza maneno hayo, na jinsi ya kumzoeza farasi mgeni tukiwa bado tumesimama chini, kabla mtu ye yote hajampanda.

Kwanza, tujue farasi ni mnyama wa namna gani. Tangu zamani yeye ni chakula cha wanyama wakali, na silaha yake kuu ni mbio. Macho yake yako kando ya kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote. Lakini kuna mahali pawili asipoona, yaani nyuma yake hasa, na mbele karibu kabisa na paji la uso. Mtu amwendeaye kwa nyuma kimya kimya, kwake ni kama simba. Tena farasi mzima aweza kuwa na uzito wa kilo 450 au 500. Asemaye kwamba atamshinda kwa nguvu, na aikumbuke hesabu hiyo.

Pili, usimwite mnyama mkaidi kabla hujamchunguza. Jino lenye ncha linalochoma shavu, tandiko lisilomkaa sawasawa, kidonda mgongoni, kwato iliyooza: moja tu katika hayo latosha kumfanya aume au apige teke. Mwite daktari wa mifugo kwanza. Mafunzo hayaponyi jino.

Tatu, mpe siku za kupumzika. Ametengwa na wenzake, na kila harufu ni ngeni kwake. Yafaa mtu mmoja, yule yule, ampe majani na maji kwa saa zile zile, na awekwe mahali awezapo kuwaona farasi wengine.

Sasa tuje kwenye lugha yake. Masikio yakielekea mbele, anasikiliza. Yakilala nyuma kabisa, ameudhika. Mkia ukipigapiga ingawa hakuna nzi, weupe wa macho ukionekana, shingo ikikakamaa, hayo yote ni kusema, "Usinikaribie." Lakini akishusha kichwa, akalegeza midomo na kutafunatafuna bila chakula, hofu inampungua.

Ukimwendea, elekea bega lake la kushoto, ukisema kwa sauti ya chini. Akianza kukakamaa, simama. Akitulia, rudi wewe hatua moja. Hatua hiyo ya kurudi ndiyo malipo yake, na hapa ndipo ilipo siri ya kazi yote: farasi hajifunzi kwa kuvutwa, hujifunza kwa kuachiliwa. Ukivuta kamba kidogo naye akasogea hatua moja, legeza mara ile ile. Ukiendelea kuvuta baada ya yeye kutii, utii wake umemfaa nini? Na ukilegeza wakati anaposimama kwa miguu ya nyuma, umemfundisha kwamba hivyo ndivyo apatavyo raha. Kwa hiyo, usianze na jambo kubwa litakalomfanya apigane nawe. Omba dogo, ulipate, ulegeze.

Mafunzo yenyewe si mengi. Aende mbele, asimame, arudi nyuma hatua mbili, asogeze miguu ya nyuma kando, ashushe kichwa, akubali kuinuliwa kila mguu. Dakika 15 au 20 kwa siku zatosha, na mwisho uwe katika jambo alilolifanya vizuri. Haba na haba hujaza kibaba.

Kuhusu usalama, shikeni sana haya. Vaa viatu vigumu na kofia ngumu. Tumia kamba ya mita 3 hivi, nawe usiizungushe mkononi wala kiunoni hata mara moja, kwa maana akikimbia atakuburuta. Ikunje tu na kuishika. Simama karibu na bega lake, si mbele yake hasa wala nyuma yake. Ukipita nyuma, pita mbali mateke yasikofika. Usipige magoti karibu na miguu yake. Chutama, ili uweze kuondoka upesi. Asiyejua kutii kamba asifungwe bado; na akifungwa, iwe kwa fundo linalofunguka upesi, kwenye nguzo imara, si kwenye ubao uwezao kung'oka.

Wengine watauliza, "Na yule aogopaye kila kitu?" Mwandishi Plutarch asimulia habari za Bucephalus, aliyeletwa kwa Mfalme Philip wa Makedonia zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Wapanda farasi wote walishindwa naye. Kijana Alexander, mwana wa mfalme, aliona kwamba farasi yule aliogopa kivuli chake mwenyewe. Alimgeuza akalielekea jua, akatembea naye kidogo huku akimpapasa, ndipo alipompanda. Tafuteni nanyi kile kivuli. Huenda ni mwavuli, au mfuko upeperushwao na upepo, au bodaboda. Akione kwa mbali, akaribie kidogo, arudi, akaribie tena, hata kiwe si kitu.

Na kiboko je? Xenophon, askari Myunani wa zama hizo hizo, aliandika kwamba mtu asimshike farasi akiwa na hasira. Farasi apigwaye kwa sababu ameogopa hupata sababu ya pili ya kuogopa.

Neno langu la mwisho nawaambia wenye farasi. Mnyama akitishika, wa kwanza kuumia ni saisi, na mguu wa saisi ukivunjika, watoto wake hukosa chakula. Naye farasi aliyekwisha kuumiza watu huuzwa mkono hata mkono, na kila mkono ukimwongezea hofu. Kwa hiyo, msimwagize saisi ampande farasi mgeni Jumamosi kwa sababu wageni wanakuja Jumamosi. Mnunulieni kofia ngumu kabla ya kununua tandiko zuri. Na saisi akija kwenu na kusema, "Bwana, huyu bado," mjue kwamba ameyasikia yale maneno yatanguliayo teke, nanyi msikilizeni.