Wanawake wa Blackfoot na Lugha Yao

Wasikilizaji wangu, leo nawaleteeni habari za watu wa mbali, kabila la Blackfoot, maana yake Mguu Mweusi. Hukaa nchi zilizo mashariki ya milima ya Rocky, wengine Alberta katika Kanada, wengine Montana katika Marekani.

Zamani waliwafuata nyati nyikani, wakalala katika mahema ya ngozi. Mahema hayo yalikuwa mali ya wanawake. Mwanamke ndiye aliyelainisha ngozi na kuzishona. Ndiye aliyesimamisha miti minne ya kwanza, kisha akaegemeza mingine juu yake. Binti alijifunza kwa kumtazama bibi yake, na katika kazi hiyo alisikia jina la kila chombo na hadithi zake. Hata katika ibada yao kuu, Ngoma ya Jua, mwenye kuweka nadhiri alikuwa mwanamke.

Mwaka 1877 wale wa Kanada walifanya mkataba na Serikali ya Malkia, na baada ya miaka michache nyati walikwisha. Watoto wakapelekwa shule za bweni, na aliyesema lugha ya kwao aliadhibiwa. Mimi ni mwalimu, na habari hii yanichoma. Lakini lililo zito kuliko fimbo lilikuja baadaye. Wasichana wale walipokuwa mama, wengi wao hawakuwafundisha watoto wao lugha. Si kwa kuichukia, bali kwa huruma, wasije wakateswa kama wao. Hivyo mjukuu aliketi karibu na bibi yake asimwelewe.

Bibi Beverly Hungry Wolf, mtu wa Kainai, naye alisoma shule ya bweni. Baadaye aliwaendea wazee wa kike wa jamaa yake, akawauliza mapishi, ushonaji na hadithi, na mwaka 1980 akavitoa katika kitabu. Alikiandika kwa Kiingereza, lugha ya shule ile ile! Mwaka 1989 Norma Russell na Donald Frantz walitoa kamusi ya Blackfoot.

Tena mwaka 1987, mjini Browning, Montana, Dorothy Still Smoking na Darrell Kipp pamoja na wenzao walianzisha chama kiitwacho Piegan Institute, ambacho baadaye kilifungua shule ya kufundisha watoto kwa Blackfoot yenyewe. Watoto hao walirudi nyumbani jioni na maneno ambayo wazazi wao wengi hawakupata kufundishwa.