Barabara Iliyo Juu Kuliko Mlima Meru



Nimeombwa kusema juu ya safari za nchi kavu milimani. Nitataja barabara moja tu, ya Karakoram, iungayo Pakistani na China. Penye mpaka, Khunjerab, hufikia karibu meta 4,700, juu kuliko kilele cha Meru. Hewa huko ni nyepesi, kichwa huuma, na mtu hutembea polepole.

Mamia ya wafanyakazi, Wapakistani na Wachina, walikufa wakiijenga. Januari 2010 mlima uliporomoka huko Attabad, ukaziba mto Hunza. Ziwa likaimeza barabara. Kwa miaka mitano watu na mizigo walivushwa kwa mashua, hata mahandaki yalipofunguliwa mwaka 2015.

Wadogo zetu, kesho majalada ya maombi ya barabara yatafika mezani kwenu. La kijiji cha mlimani msiliweke chini kabisa eti watu wake ni wachache. Kwao barabara ndiyo chumvi, dawa na shule. Kuifungua ni sherehe ya siku moja. Kuitunza ni kazi ya kila mwaka.