Kidonda Kisichoonekana



Tarehe 7 Agosti 1998, Ubalozi wa Marekani jijini Nairobi uliposhambuliwa, mlio wa kwanza uliwavuta wengi madirishani. Mlipuko mkubwa ukawakuta hapo, na vioo vikawapofusha. Karani wangu alinusurika macho, lakini usingizi ulimtoka. Mimi nikamwambia, “Jikaze, wewe ni mwanamume.” Nyumbani mke wangu naye alikuwa akishtuka kila mlango ulipobamizwa, nikamwambia ni karma, anyamaze. Nilikosea mara mbili.

Mshauri nasaha aliyemsaidia karani hakumhimiza asimulie. Kwanza alimwuliza angependa kuzungumza lugha gani. Miaka yote tulizungumza Kiswahili. Siku ile alilia kwa Kikamba. Mke wangu hakuwa radhi kukaa faraghani na mwanamume mgeni. Alipopatikana mama mwenye taaluma hiyo, ajuaye Kigujarati, walizungumza wakichagua mchele, na maneno yakaja yenyewe.

Ndugu zangu, mshauri mwema huja na elimu yake, lakini huvua viatu mlangoni.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Naomba hekalu letu litenge chumba kimoja kwa washauri waliohitimu, wa lugha zetu mbalimbali. Siri itunzwe, na mlango uwe wazi kwa kila jirani, wa dini yoyote.