Kuvuja kwa Milango na Vioo vya Shawa katika Nyumba za Ghorofa za Mji Mkongwe, Zanzibar



Nimeombwa nizungumzie uvujaji wa milango na vioo vya shawa. Maana yake tunaijua sote, na sababu za kawaida pia: mpira uliokakamaa kwa maji ya chumvichumvi, bawaba zilizolegea mlango ukashuka, kizingiti kilichoinamia nje, shawa iliyoelekezwa mlangoni. Sitakaa hapo.

Uzito wa jambo hili kwetu unatokana na sakafu. Sakafu za nyumba za Mji Mkongwe zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na juu ya boriti ni mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hunywa maji taratibu na kuyafikisha kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani, mahali pasipopita hewa. Huko ndiko zinakooza. Doa la kahawia likionekana kwenye dari ya chumba cha chini, maji yamekwisha kusafiri siku nyingi.

Sasa niseme lililonichosha kwa miaka: silikoni inayopakwa ndani ya fremu. Mhudumu anakuta maji nje ya kioo, fundi anaitwa, na bila kupima chochote anapaka silikoni pale chini, upande wa ndani, fremu inapokutana na kioo. Fremu ya alumini imeundwa ikitarajia kuingiwa na maji. Kwenye nyingi, reli ya chini ina vitundu au upenyo unaoyarudisha maji upande wa shawa. Ukiuziba, maji yanajaa ndani ya reli, yanatafuta kiungo cha pembeni na kutokea nje, sakafuni. Fundi anaitwa tena, anaongeza silikoni nyingine. Nimebandua fremu za namna hiyo: silikoni nyeupe juu ya ya kijivu, ya kijivu juu ya isiyo na rangi, na chini yake maji ya sabuni yaliyochacha, yakinuka. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu. Hili tunalisema kila mwaka, na kila mwaka bomba la silikoni linatangulia kipimo.

Kupima hakuna gharama. Kausha kila kitu, kisha tandaza karatasi ya chooni nje, kuzunguka fremu yote. Mimina maji kwa kopo ukianzia chini: kwanza sakafuni kandokando ya shimo la kutolea maji, kisha pembe ya ukuta, kisha kioo, mlango uwe wa mwisho. Subiri dakika kadhaa kila hatua. Karatasi itaonyesha mahali inapoanza kulowa. Ikibaki kavu ilhali dari ya chini inalowa, kosa liko kwenye vigae, shimo au mabomba, na mlango hauna hatia.

Napendekeza, basi, pasipakwe silikoni kabla ya kipimo. Ile ya zamani ikwanguliwe yote kwa wembe, pafutwe kwa spiriti, pakauke. Fremu izibwe upande wa nje, na vitundu vya ndani viachwe wazi. Silikoni inayonuka siki isitumike penye chokaa au marumaru, kwa sababu asidi yake inakula vyote viwili. Itumike isiyo na asidi, na shawa ifungwe kwa saa 24. Mlango ulioshuka urekebishwe kwenye bawaba, kwani kioo kilichoimarishwa kwa joto hakikatwi wala hakitobolewi tena. Ukingo wa mpira wa chini uelekee ndani. Narudia: vitundu vya ndani viachwe wazi.

Kazi yoyote inayogusa sakafu au ukuta ipitie Mamlaka ya Mji Mkongwe kama utaratibu unavyotaka. Siombi mtu yeyote auruke. Lakini mpira wa mlango haungoji kikao. Kila nyumba ya wageni iweke akiba ya mipira inayoenea milango yake, pamoja na daftari la kila shawa: ilipimwa lini, maji yalipitia wapi, nani alipaka nini. Na wenye nyumba wamlipe fundi kwa kupima, hata siku ambayo hakupaka kitu. Tukiendelea kumlipa kwa mabomba ya silikoni aliyomaliza, ataendelea kuyamaliza.