HOTUBA YA MWENYEKITI: KABLA YA KUOGA, TWENDE HOSPITALI



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwaka wa 10. Habari za hisa na mikopo mtazisikia kwa mweka hazina. Sisi tunaomba tuseme jambo ambalo kwenye sherehe watu hulikwepa. Mtuwie radhi, lakini tutalisema.

Katika mwaka wetu wa tatu, binti wa mwenzetu mmoja, jina hatutaji, alibakwa jioni akitoka kisimani. Tulikwenda mbio, kama kawaida yetu shida ikitokea. Tukachemsha maji, tukamkanda, tukamwogesha. Kanga yake na nguo za ndani tukazifua tukaanika. Tulidhani tunamsitiri. Kumbe kwa mikono yetu wenyewe tulikuwa tunafuta ushahidi.

Siku ya tano ndipo tukampeleka hospitali. Daktari alimpokea vizuri, ila akatuambia dawa ya kuzuia VVU muda wake umeshapita. Tulikaa miezi mitatu roho juu mpaka vipimo vikatoka salama. Huku nyuma ndugu wa yule kijana wakawa wanatuuliza, "Mna ushahidi gani?" Mwisho wazee wakamalizana nyumbani. Kijana yupo, anatembea. Binti ndiye aliyehama.

Jamani, hilo lilituuma. Tukamwalika nesi na askari wa dawati la jinsia na watoto, wakatufundisha. Tuliyojifunza ni haya.

Kwanza, asioge, asijisafishe, asibadili nguo kama inawezekana. Akibadili, nguo zile zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa nailoni, maana unyevu huharibu ushahidi. Daktari huchukua majimaji kwa pamba, na vitu hivyo vinaweza kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa vinasaba, vikaonyesha mhusika ni nani.

Pili, saa ni mali. Dawa ya kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila ukiwahi ni bora zaidi. Humezwa siku 28 bila kuruka. Dawa ya kuzuia mimba nayo ina muda wake, mwisho siku 5.

Tatu, fomu ya polisi namba 3, ile PF3. Polisi huitoa, daktari huijaza alichokiona: jeraha, michubuko, hali ya mgonjwa. Karatasi hiyo itunzwe kama hati ya shamba. Siku ya kesi daktari anaweza kuitwa aeleze alichoandika.

Nne, daktari aombe ridhaa kabla ya kumgusa. Mgonjwa ana haki ya kuuliza, ya kukataa, na ya kuwa na mtu anayemwamini. Akiwa mtoto, msimhoji kila anayepita. Piga simu 116, ni bure.

Tano, na hili tusikilizane vizuri. Kama ameshaoga, aende vilevile. Kama hana jeraha, aende vilevile. Wengi waliobakwa hawana jeraha la kuonekana, na sheria yetu inasema kuingiliwa hata kidogo kunatosha kuwa kosa. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Selemani Makumba, ilisema ushahidi ulio bora ni wa yule aliyetendewa mwenyewe. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kumwambia binti eti huna karatasi, nyamaza. Karatasi inampa nguvu, lakini neno lake nalo ni ushahidi.

Ndugu Mgeni Rasmi, sanduku letu lina funguo tatu kwa watu watatu. Usiku wa manane huwezi kuwakusanya. Kwa hiyo tuliamua sehemu ya mfuko wa jamii ikae nje ya sanduku, kwa mweka hazina, iwe nauli ya bodaboda na chakula cha hospitali. Siyo mkopo, hairudishwi, na jina haliandikwi daftarini. Imeshatoka mara mbili. Mara zote mbili mgonjwa alifika hospitali kabla ya kucha na akapata dawa zake. Kesi moja bado iko mahakamani, hatuisemi.

Ombi letu kwa wazee wetu: msimalizane nyumbani. Fedha ya mtu haiponyi mtoto. Ombi letu kwa akina mama wenzetu: mkilisikia jambo hili, msikimbilie kuteka maji. Kimbilieni kanga ya kumfunika, na nauli.

Binti yule leo ana watoto wawili. Ametukubalia tuyaseme haya. Tunamwomba radhi mbele yenu nyote.