Mafundisho Hayaishii Kipaimara



Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili, katika wosia wake wa kitume Catechesi Tradendae, alifundisha kwamba katekesi ya watu wazima ndiyo kuu kuliko zote. Sisi tumeipindua. Katekista tunamkabidhi watoto wa Komunyo ya Kwanza na wa Kipaimara, kisha daftari linafungwa. Mtu wa miaka hamsini anabaki na mafundisho ya darasa la tano.

Matokeo yake huonekana msibani. Nimepata kuwaona wanajumuiya waliosali rozari siku zote za matanga, na kabla ya arobaini wakanyamaza mjane alipoondolewa shambani na ndugu za marehemu. Amri ya saba waliikariri wote. Nami, padre wao, sikuwa nimewafundisha kwamba shamba lile limo ndani ya amri hiyo.

Maaskofu wa AMECEA walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji tangu miaka ya 1970. Basi somo la wazee, vijana na watoto lianzie huko, Injili isomwe pamoja na habari za mirathi, na mjane apewe nafasi ya kusema kwanza.