Simu Nayo Ipige Hodi

Ndugu zangu vijana, na wazazi mlioketi nasi hapa Merigi, Suratun Nur inatufundisha tusiingie nyumba ya mtu bila idhini. Je, simu zetu zinapiga hodi?

Mwezi huu wengi tunatazama saa ya kufuturu kwenye simu. Basi sikilizeni. Novemba 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za swala na kibla, ilikuwa ikiipa kampuni ya X-Mode habari za mahali watumiaji walipo. Na X-Mode iliwauzia wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro walikana kuliuzia jeshi, wakakata uhusiano na X-Mode.

Alama moja si kitu. Zikikusanywa za mwezi mzima, zinaeleza unalala wapi, unachuma chai shamba gani, unaswali msikiti upi.

Sasa tufanyeje? Funga ruhusa ya mahali, uchague jina la mji tu, Bomet au Kericho. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa habari zako zinatumiwaje, na ya kukataa.

Wazazi, leo baada ya tarawehe kaeni na watoto muulizane: simu hii imemkaribisha nani ndani? Wabillahi tawfiq.